Donda ndugu la mguuni: Bendeji kwanza, dawa baadaye

Pale Sagana, barabara ya Karatina na Nyeri inapoachana na ile ya Kagio na Kerugoya, wapo akina mama wanaouza mboga na matunda wakiwa wima tangu alfajiri hadi magharibi. Baada ya miaka mingi ya kazi hiyo, baadhi yao huvimba mishipa ya miguu. Ngozi juu ya kifundo, aghalabu upande wa ndani, hugeuka nyeusi na kuwasha. Kisha mkwaruzo mdogo tu huwa kidonda kisichopona.

Vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zina vilango vinavyoizuia isishuke. Shavu la mguu ndilo pampu: ukitembea, huisukuma damu juu. Vilango vikiharibika kwa sababu ya mimba nyingi, unene, kusimama mno au damu iliyowahi kuganda mguuni, damu hutuama na maji huvuja kwenye ngozi.

Wagonjwa wengi hunyunyizia kidonda unga wa vidonge vya rangi mbili. Tafadhali acheni. Unga huo huwasha ngozi na kuzoesha viini dawa. Asali je? Huko New Zealand wagonjwa 368 walifanyiwa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008. Waliofungwa kwa asali hawakupona vizuri zaidi kwa kiasi cha kuaminika, na walilalamikia maumivu zaidi. Kuhusu homiopathi, iliyoanzishwa na Mjerumani Samuel Hahnemann mwaka 1796, dawa yenye alama ya 30C huzimuliwa mara 30, kila mara sehemu moja kwa 99. Hakibaki kitu chupani! Anayetaka kuimeza aimeze, mradi asiitumie badala ya bendeji.

Bendeji ya kubana ndiyo tiba yenyewe. Kidonda huoshwa kwa maji safi ya vuguvugu, hufunikwa kwa kitambaa kisichogandamana nacho, kisha mguu hufungwa kuanzia penye vidole hadi chini ya goti. Muuguzi akufundishe. Nyumbani, lala miguu ikiwa juu kuliko moyo kwa nusu saa, mara tatu au nne kwa siku, na uweke tofali chini ya kitanda upande wa miguuni. Najua mama wa sokoni atauliza ndizi atamwachia nani. Basi akiwa hapo hapo ainue visigino na kuvishusha mara kwa mara, na asikose kutembea.

Lakini usijifunge kabla ya kupimwa. Ikiwa unyayo ni baridi, kidonda kiko vidoleni, au maumivu ya usiku hupungua ukining'iniza mguu, huenda ateri zimeziba, na bendeji ya kubana inaweza kukugharimu mguu. Wavutaji sigara na wenye kisukari wajihadhari hasa. Daktari atapapasa mapigo ya unyayoni na kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono.

Kidonda cha miezi mitatu, au chenye kingo zilizoinuka, kikatwe kipande kipimwe saratani. Ulizia pia matibabu ya mishipa yenyewe: kwa wagonjwa 450 nchini Uingereza, matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kuwa waliozibwa vena mbovu mapema walipona kwa takriban siku 56, wenzao 82. Kidonda kikishafunga, vaa soksi za kubana kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, maana hurudi upesi kwa wanaoziacha.