Asiyekuwapo na Lake Halipo

HEBU mfikirie mama auzaye ndizi katika soko la Nyakoe, Kaunti ya Kisii. Jua halijapanda vizuri, karani wa kaunti amekwisha kumfikia. Mama analipa ushuru, anapewa risiti na kurudi kwa wateja wake. Mvua ikinyesha na soko likajaa matope, atanung'unika na wenzake. Lakini ni nani aliyepanga ushuru huo? Na je, mama aliulizwa?

Kuna wakati ambapo swali kama hilo lingemtia mtu mashakani. Wazee wa Gusii wanamkumbuka George Anyona, aliyekuwa mbunge wa Kitutu Mashariki. Mwaka 1977 alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila ya kufunguliwa mashtaka. Mwaka 1982, yeye na Jaramogi Oginga Odinga walipotaka kuunda chama kipya, Bunge lilibadilisha Katiba, Kanu ikawa chama pekee, na Anyona akarudishwa kizuizini.

Kisha mwaka 1988 ukaja mlolongo. Katika uteuzi wa Kanu, wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya picha ya mgombea. Aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa. Mwajiri, chifu na jirani, wote walikuona umesimama wapi. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1990, na mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa tena.

Wengi walidhani safari imefika mwisho. Lakini kura hupigwa mara moja kwa miaka mitano, na ushuru wa soko hulipwa siku zote!

Ndiyo maana Katiba ya 2010 ilitaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa nguzo za utawala. Kifungu cha 196 kinalitaka kila bunge la kaunti kuwashirikisha watu katika kazi zake. Si hisani ya gavana wala ya mwakilishi wa wadi.

Wako walioipuuza sheria hiyo wakaona cha mtema kuni. Mwezi wa Aprili 2014, Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya mwaka 2013, ambayo ndiyo iliyopanga ada na ushuru, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alieleza kwamba watu watafutwe makanisani, misikitini, katika mabaraza na kupitia redio, zikiwemo za lugha za kienyeji.

Hata hivyo, mahakama haiwezi kumtoa mtu nyumbani kwake. Mkutano ukiitishwa siku ya soko, mama wa ndizi atachagua lipi? Akienda, watoto watalala njaa. Asipoenda, watakaokuwapo watasema kwa niaba yake. Na nakala ya bajeti ikiwa kurasa nyingi za Kiingereza, hata aliyehudhuria atapiga makofi tu.

Hapa ndipo familia zetu za mijini zinapoweza kusaidia. Makadirio ya bajeti hupaswa kufika katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kupitishwa kufikia Juni 30. Muswada wa fedha, wenye ada za soko, hufuata ndani ya siku 90. Mwezi wa Aprili wanafunzi wengi huwa likizoni. Kijana, badala ya kushinda na simu, itafute nakala hiyo, umsomee nyanya yako kwa Ekegusii sehemu inayohusu wadi yake. Muulize: soko limetengewa kiasi gani? Zahanati je?

Asiyeweza kuhudhuria anaweza kuandika. Wauzaji kumi wakiandika barua moja na kutia sahihi, hiyo ni sauti. Wabaki na nakala, ili mwaka ujao waulize ni lipi lililotekelezwa.

Waliosimama katika foleni ya 1988 waliogopa kuonekana. Sisi tumeruhusiwa kuonekana. Tukibaki nyumbani, tusimlaumu karani na kitabu chake cha risiti.