Beti za Ukubwani, Dzaleka

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe nchini Malawi, ilikuwa gereza kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994. Mwaka 2014 mshairi Mkongo Menes la Plume alianzisha humo Tamasha la Tumaini, na mashairi yakapanda jukwaani pamoja na muziki na ngoma.

Je, mkazi wa kambi hiyo mwenye wajukuu naye anaweza kuanza kutunga mashairi? Anaweza, tena ana mtaji mkubwa: maisha aliyoyaona. Mwana Kupona wa Pate alitunga utenzi wake mashuhuri karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, umri ukikaribia hamsini, ili kumwusia bintiye.

Utenzi humfaa anayeanza: kila ubeti una mishororo minne, mizani nane nane, vina vitatu vya kwanza vikifanana. Asome kwa sauti, ahesabu mizani kwa vidole, kisha atunge.