Eldoret yahitaji uwanja wa mbio za magari

Wakazi wa Eldoret waliokula chumvi nyingi wangali wanazikumbuka Pasaka za miaka ya sabini, magari ya Safari Rally yalipopita hapa yakielekea mteremko wa Tambach na bonde la Kerio. Nilikuwa mvulana wakati huo. Tulirauka kabla ya jogoo kuwika, tukajipanga kando ya barabara, na tulichokiona kwa saa nne nzima kilikuwa taa na matope, kisha kimya, kisha matope tena. Hata hivyo tulirudi nyumbani tukijiona matajiri.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na hayakuwa ya mzaha. Mwaka 1968 magari 93 yaling'oa nanga, saba tu yakamaliza. Joginder Singh alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, na mwaka 1994, Ian Duncan aliponyakua ushindi, Patrick Njiru alimaliza wa nne. Baada ya 2002 Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia. Iliporejea mwaka 2021 ilipiga kambi Naivasha, na mwenyeji wa Uasin Gishu atakaye kuitazama hana budi kugharimika nauli na malazi.

Siilaumu Naivasha. Ninachouliza ni kwa nini sisi tungoje wageni watuletee vumbi ilhali vumbi tunalo.

Huko Ohio, Marekani, kuna uwanja uitwao Eldora, jina lililo karibu sana na letu. Mwenyeji mmoja, Earl Baltes, aliufungua mwaka 1954. Ni duara la udongo lenye urefu wa nusu maili, kingo zake zimeinuliwa, na udongo hunyunyiziwa maji ili ushike magurudumu. Dereva huuachilia mkia wa gari uteleze kuelekea nje huku pua ikitazama ndani ya kona. Mtazamaji aketiye mahali pamoja huona kila mzunguko, tofauti na sisi tuliosubiri saa nne kuona taa. Mwaka 2013 mbio za malori madogo za NASCAR zilifika hapo, mara ya kwanza kwa mojawapo ya mashindano yake ya kitaifa kukimbiwa kwenye udongo tangu 1970.

Kwetu Kenya mchezo ulio jirani na huo ni otokrosi, unaoandaliwa zaidi Nairobi na viunga vyake. Gari la rali hugharimu mamilioni. La otokrosi laweza kuwa bodi kuukuu iliyoimarishwa kwa mabomba ya chuma na kufungwa mkanda madhubuti. Kweli, katika mwinuko wetu wa mita 2,100 hivi, injini isiyo na taboo hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu zake. Hewa iwapayo wanariadha wetu mapafu huinyima injini pumzi! Lakini wote watapungukiwa sawasawa.

Watasema ardhi ni ya mahindi na ngano. Naam, lakini ekari chache katika uwanja wa maonyesho ya kilimo hazitaleta njaa. Watasema pia kwamba mchezo huu huua. Hoja hii ni nzito zaidi, na ndiyo inayonisukuma kuandika. Vijana wetu tayari wanashindana usiku kwenye barabara kuu ya kwenda Uganda, bila kofia ya chuma, bila ukuta wa matairi, bila ambulansi, mbele ya malori yasiyo na taa. Nimehudhuria mazishi mawili ya aina hiyo. Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024. Jiji lisiloweza kuzungushia ua kipande cha udongo na kuajiri mkaguzi wa magari lijiulize hadhi hiyo ni ya nini.

Fundi mmoja mtaani kwetu alikwisha kuunda Corolla ya mbio kwa mikono yake. Imeegeshwa nyuma ya karakana kwa mwaka wa pili sasa, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.