Misuli Inayobeba Kibofu

Mwanamke wa Kibeta, mjini Bukoba, hujitwika ndoo ya maji, hubeba mkungu wa ndizi kutoka kibanjani na mjukuu mgongoni. Hedhi inapokoma, kwenye miaka 50 hivi, kazi zilezile zaweza kuanza kumtoa mkojo. Akikohoa, tone. Akicheka sana, kanga inalowa. Wapo wanaokwepa safari ya basi kwenda Muleba, wakiamini ndio uzee, hauna dawa.

Dawa ipo. Chini ya kibofu na mji wa mimba kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu, kama machela ya kubebea mgonjwa. Uzazi huilegeza. Homoni ya estrojeni ikipungua, utando wa njia ya mkojo nao huwa mwembamba. Kikohozi kikisukuma kibofu, hakuna cha kuzuia.

Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliandika mwaka 1948 kuwa misuli hiyo hufunzika. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa watafiti wa Cochrane, mwaka 2018, yalionyesha kuwa kati ya wanawake wanaovuja wakikohoa au kunyanyua mzigo, 56 katika kila 100 waliofanya mazoezi walisema wamepona. Kwa wasiofanya, ni 6 tu.

Ugumu uko kwenye kuupata msuli wenyewe. Mama anakaza kana kwamba anazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, akivuta kwenda juu. Tumbo, mapaja na makalio yametulia, pumzi inaendelea. Anashikilia sekunde chache, akielekea 10 kadiri anavyopata nguvu, kisha analegeza kabisa. Mara 8, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi 3 au zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1991 ulikuta kuwa karibu robo ya wanawake walioelekezwa kwa maneno tu walikaza kwa namna inayoweza kuzidisha tatizo, ndiyo maana mkono wa mtaalamu wa fiziotherapia una thamani kubwa. Akishaumudu, anakaza kabla ya kujitwika ndoo.

Anayebanwa ghafla na kukimbilia chooni apunguze pia kahawa, hata ile ya kutafuna ambayo Wahaya humkaribishia mgeni: kafeini huchokoza kibofu.

Mkojo wenye damu au maumivu unahitaji daktari, iwe hospitali ya Bukoba, Ndolage au Rubya. Na anayevuja mchana na usiku tangu uzazi mgumu huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Tundu hilo kwa kawaida huzibwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imewatibu wanawake wengi wa namna hiyo bila malipo.