Wasimamizi wa kompyuta Brussels: mapumziko ambayo nayo ni kazi

Kila mwaka, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, maelfu ya watu waliobeba kompyuta za mkononi humiminika jijini Brussels. Wengi wao hupanda basi namba 71, ambalo hupita jirani na Matonge, mtaa wa Wakongo unaojulikana sana na Waafrika waishio Ubelgiji, kisha huelekea Chuo Kikuu cha ULB. Miongoni mwa abiria hao wamo wasimamizi wa mifumo ya kompyuta, baadhi yao wakiwa na mvi. Wanakwenda kuyatumia mapumziko yao ya Jumamosi na Jumapili kuzungumzia mambo yale yale wanayoyashughulikia kazini siku nyingine.

Mkutano huo unaitwa FOSDEM na ulianza mwaka 2001. Hauna kiingilio, wala mtu hahitaji kujiandikisha. Mada zake ni programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Wanaoongoza wageni, wanaorekodi mihadhara na wanaofunga nyaya wote hujitolea. Hata mtandao wa ukumbini ni sehemu ya burudani yao: tangu mwaka 2014 mtandao mkuu umetumia mfumo mpya wa anwani pekee, IPv6, kwa kuwa mfumo wa zamani una anwani takriban bilioni 4.3 tu, na hazitoshi tena. Mgeni ambaye simu yake inagoma hupewa mtandao wa pili. Kwa watu hawa huo ndio utani.

Simu kando ya mto

Msimamizi wa mifumo ndiye mlinzi wa seva, zile kompyuta zinazohifadhi tovuti, barua pepe na hesabu za benki. Mchana husoma kumbukumbu za mitambo, huziba mianya ya usalama na huhakikisha kwamba nakala za akiba zinaweza kweli kurejeshwa. Aliyekomaa katika fani hii haamini kwamba ana nakala mpaka awe ameijaribu.

Usiku wa zamu hulala na simu kando ya mto. Diski ikijaa saa tisa alfajiri, ni yeye atakayeamshwa. Wakongwe hawajasahau usiku wa kuamkia Julai 1, mwaka 2012, pale sekunde moja ilipoongezwa katika saa za dunia ili ziende sawa na mzunguko wa sayari yetu. Seva nyingi zilichanganyikiwa, na baadhi ya tovuti kubwa zikakwama. Kazi ikienda vyema hakuna anayemshukuru fundi, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba kulikuwa na kazi.

Mtu angedhani mfanyakazi wa namna hii, akifika nyumbani, hataki tena kuiona kompyuta. Kumbe wengi huwa na seva ndogo kabatini na huendesha barua pepe zao wenyewe. Wengine hukarabati mashine za zamani au hurusha mawimbi ya redio kama wapenzi wa fani hiyo. Na wapo wanaoandika programu.

Hapo ndipo burudani ya mtu mmoja inapogeuka nguzo ya wengi. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, kama kazi ya kujifurahisha. Leo kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android, iwe Kisumu, Bukavu au Unguja. Daniel Stenberg wa Sweden, ambaye amehutubia mara kadhaa hapa Brussels, alitoa programu ya curl mwaka 1998. Kwa miaka mingi aliihudumia nje ya saa za kazi. Ni mwaka 2019 tu ndipo ikawa ajira yake kamili.

Nusu sekunde

Hatari ya mpango huu ilionekana Machi 2024. Mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia katika seva kulichukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alipochunguza alikuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyotunzwa kwa muda mrefu na mtu mmoja wa kujitolea, ambaye alikwisha kueleza hadharani kwamba amechoka. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia alikuwa amejitolea kumsaidia, akaaminiwa kwa zaidi ya miaka miwili, kisha akapandikiza sumu. Iligunduliwa kabla haijasambaa katika seva nyingi.

Wakati huo Brussels nyingine, ile ya Umoja wa Ulaya, ilikuwa tayari inaandika sheria. Jengo la Bunge la Ulaya liko mwendo mfupi kwa miguu kutoka Matonge. Rasimu ya Tume ya Ulaya ya Septemba 2022 ilitaka watengenezaji wawajibike kwa usalama wa bidhaa za kidijitali, na wenye kujitolea waliingiwa na hofu: je, anayegawa programu bure naye angeshtakiwa? Maafisa wa Tume walifika FOSDEM mwaka 2023 na kuulizwa maswali makali.

Malalamiko hayo yalisikika. Sheria iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 10, 2024 inawaachilia wanaotoa programu bila biashara. Makampuni yanayozitumia katika bidhaa zao ndiyo yenye mzigo: sheria imeweka Septemba 11, 2026 kuwa mwanzo wa wajibu wa kuripoti mianya inayoshambuliwa, na Desemba 11, 2027 kwa masharti mengine mengi. Faini inaweza kufikia euro milioni 15, au asilimia 2.5 ya mapato ya kampuni duniani iwapo kiasi hicho ni kikubwa zaidi. Sheria haiyalazimishi makampuni hayo kumlipa yule fundi anayeitunza programu yao usiku, baada ya watoto kulala.