Haya Isiyo Mahali Pake

Wanawake wetu wa Njombe na Makambako ni wenye haya, na haya ni pambo la Mwislamu. Lakini haya imzuiayo mama atokwaye na damu isiyo ya desturi asiende kwa tabibu, mpaka mwaka ukapita, hiyo ni kuidhulumu nafsi. Mtume (s.a.w.) alituamuru tujitibu.

Saratani ya mlango wa kizazi haiji ghafula. Aghalabu huanzishwa na kirusi kiitwacho HPV, kisha huchukua miaka 10 hata 20 kukomaa. Katika muda huo muuguzi aweza kupaka siki nyepesi; penye kasoro hugeuka peupe, nayo huondolewa kabla haijawa saratani. Ni kazi ya dakika chache, na mama aweza kuomba apimwe na mwanamke mwenzake. Mwenye virusi vya UKIMWI hatari yake ni mara 6. Na uchunguzi wa 2022–2023 uliukuta mkoa wa Njombe umeizidi mikoa yote ya bara kwa virusi hivyo. Basi mama wa huku asingoje dalili.

Ama mabinti, chanjo ilienezwa nchi nzima mwaka 2018. Tangu 2024 wenye miaka 9 hata 14 hupewa sindano moja. Wapo wanenao barazani kuwa yafunga uzazi. Si kweli. Huko Mwanza wasichana 930 walichunguzwa, na miaka 2 baadaye karibu wote waliochomwa sindano moja tu walikuwa na kinga.

Na nyinyi waume, ambao nauli ya harusini hamkosi, wapeni wake zenu ya hospitali, kabla mvua haijaharibu njia.