Nyota Yenye Mkia: Jinsi ya Kuifuata Njia Yake Angani



Somo hili lilisomwa redioni kwa ajili ya wasikilizaji wa Karagwe na Kyerwa. Hapa limepigwa chapa ili upate kulisoma polepole pamoja na wenzako wa kikundi, na kujaribu kwa mkono wako mwenyewe yale tuliyoyaeleza.

Katikati ya mwezi wa Oktoba mwaka 2024, baada ya jua kutua, mtu aliyesimama juu ya kilima huku kwetu na kutazama magharibi, upande wa mto Kagera na Rwanda, aliweza kuona kitu cheupe chenye mkia, kama mawingu yalimruhusu. Kilikuwa upande wa kulia wa nyota ya Zuhura, na mkia wake ulielekea juu.

Tangu zamani, katika nchi nyingi za dunia, watu walisema kwamba nyota ya namna hii huleta vita, njaa au kifo cha mfalme. Na palipo na hofu hapakosi mtu wa kuifanyia biashara. Akija mtu kijijini kwako na kusema, "Nimejua maana ya nyota ile, toeni mbuzi niwaombee," utamjibu nini? Ili uweze kumjibu, yakupasa kujua mambo matatu: mahali ilipo nyota, njia yake, na mwanga wake.

Kwanza tujue ni kitu gani. Nyota yenye mkia si nyota hasa. Ni bonge la barafu iliyochanganyika na vumbi na mawe, linalolizunguka jua. Likiwa mbali na jua, ni baridi na halionekani kwa macho. Likikaribia, barafu hugeuka mvuke, na mvuke huo hutoka pamoja na vumbi. Jua huvisukuma nyuma, kama upepo unavyosukuma moshi wa shamba linalochomwa. Kwa hiyo mkia huelekea upande ulio mbali na jua, hata bonge lenyewe linapokuwa linaondoka. Wala usiichanganye na kimondo. Kimondo hupita kwa kitambo cha kufumba jicho. Nyota yenye mkia hukaa angani siku nyingi, hata miezi.

Sasa tupime mahali ilipo. Nyoosha mkono wako mbele, kunja ngumi, fumba jicho moja. Upana wa ngumi hiyo ni karibu digrii 10 za anga, na upana wa kidole kidogo ni karibu digrii 1. Kutoka upeo wa macho mpaka utosini ni ngumi tisa. Kila jioni, saa ile ile, andika katika daftari: tarehe, saa, upande, na ngumi ngapi kutoka chini.

Lakini jihadhari na kosa moja. Usiipime kwa mgomba wala kwa paa la nyumba peke yake, maana anga lote linaonekana kugeuka. Ukitazama magharibi saa ile ile kila siku, utaona kwamba nyota za kawaida zimeshuka karibu digrii moja kila siku. Kwa hiyo andika pia nyota yako iko karibu na nyota zipi, na umbali wake ni vidole vingapi. Mwaka 2024, wakati nyota nyingine za magharibi zilikuwa zikishuka, ile yenye mkia ilikuwa ikipanda siku hata siku. Hapo ndipo mtu alipoweza kujua, bila ya darubini, kwamba inakwenda safari yake yenyewe.

Je, wataalamu hupataje njia yake? Fikiri unatembea usiku juu ya kilima, ukaona taa ng'ambo ya bonde. Ukiitazama mara moja tu, huwezi kujua kama ni taa ndogo iliyo karibu au kubwa iliyo mbali. Lakini ukiendelea kutembea, na kila mara ukaandika ulipo wewe na ilipo taa, utaanza kufahamu umbali wake na upande inakokwenda. Dunia yetu ndiyo kilima hicho kinachotembea, kwa kuwa hulizunguka jua mara moja kwa mwaka. Na kwa sababu nguvu ya jua ya kuvuta vitu inafuata kanuni inayojulikana, vipimo vya siku tatu mbalimbali huweza kutosha kukisia njia nzima. Vipimo vikiwa vingi, hesabu hukazwa zaidi.

Ile ya mwaka 2024 inaitwa Tsuchinshan-ATLAS. Ilionekana kwanza katika picha za China za tarehe 9 Januari 2023, kisha tarehe 22 Februari katika darubini ya ATLAS iliyoko Sutherland, Afrika ya Kusini. Kwa vipimo hivyo na vingine vilivyofuata, wataalamu walijua mapema kwamba ingelipita karibu na jua tarehe 27 Septemba 2024, kwa umbali wa kilomita milioni 58 hivi, na karibu na dunia tarehe 12 Oktoba, kwa umbali wa kilomita milioni 71 hivi. Ndivyo ilivyokuwa.

Habari za Edmond Halley wa Uingereza ni ushahidi mwingine. Alilinganisha nyota za miaka 1531, 1607 na 1682, akaona njia zao zinafanana. Mwaka 1705 aliandika kwamba ni moja, nayo itarudi mwaka 1758. Alikufa mwaka 1742 bila ya kuiona. Ilirudi kama alivyosema, na mtu wa kwanza kuiona, tarehe 25 Desemba 1758, alikuwa Johann Georg Palitzsch, mkulima wa Ujerumani aliyejifundisha mwenyewe elimu ya nyota. Nyota hiyo ya Halley itapita tena karibu na jua mwezi wa Julai 2061.

Imebaki habari ya mwanga, na hapa hata wataalamu hukosea. Mwanga hutegemea umbali kutoka jua, umbali kutoka kwetu, na wingi wa vumbi linalotoka. Tena hutegemea upande tunaotazamia. Umeona vumbi jikoni, mwali wa jua unapopenya tunduni? Ukitazama kuelekea jua, vumbi hung'aa sana, ukigeuka, hulioni. Vivyo hivyo nyota yenye mkia hung'aa zaidi inapopita kati yetu na jua. Mwezi wa Julai 2024 mtaalamu mashuhuri, Zdenek Sekanina, aliandika kwamba Tsuchinshan-ATLAS ingelivunjika kabla ya kulifikia jua. Haikuvunjika. Lakini nyota iliyoitwa ISON, ambayo wengi waliitazamia kung'aa sana, ilisambaratika ilipopita karibu na jua tarehe 28 Novemba 2013. Njia za zote mbili zilijulikana sawasawa. Mwanga wao haukujulikana.

Basi, ndugu msomaji, mtu mwenye maarifa husema waziwazi lipi analijua kwa hakika na lipi analikisia tu. Yule anayetaka mbuzi, mwulize: "Kesho saa moja na nusu usiku nyota itakuwa ngumi ngapi kutoka chini?" Daftari lako litakuwa na jibu. Lake je?

Sisi tulio karibu na Ikweta tunaziona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini, na giza la vijiji vyetu ni msaada mkubwa. Anza na Zuhura au mwezi, ili mkono uzoee kabla mgeni hajafika.

Maswali ya kikundi:

1. Kwa nini mkia si alama ya upande inakotoka nyota?
2. Kwa nini haitoshi kuipima kwa mgomba?
3. Lipi hutabirika vizuri zaidi, njia au mwanga? Toeni mfano.
4. Kila mtu apime urefu wa Zuhura au mwezi kwa ngumi, siku tano mfululizo, saa ile ile. Linganisheni madaftari.